Kifuniko Kimoja kwa Lita Moja

Bwana Swalehe alizikwa kabla sijafika. Habari zilinikuta darasani, na hadi nimepata ruhusa ya kutoka shuleni na kufika Bunda ilikuwa tayari siku ya hitima. Binti yake mkubwa alinishika mkono akanipitisha katikati ya wanawake waliokuwa wakipakua pilau, akawaambia, "Huyu ndiye Mwalimu wa makala. Baba alikuwaga anamtaja kila siku." Mama mmoja aliyeshika upawa akauliza makala gani. Nikafungua mdomo nieleze, nikaona haielezeki pale, watu wamesimama na sahani mikononi, jua la saa saba linawaka. Nikasema tu kwamba zamani niliandika vitu fulani kwa ajili ya duka lake la Musoma. Mama yule akaridhika, akaniongezea nyama. Lakini mimi sikuridhika. Nimezeeka kiasi cha kuona kwamba katika maisha yangu upo mwaka mmoja ulionifanya niwe mtu anayesoma kila kitu mara mbili kabla ya kukiachia, na aliyekuwa nami mwaka huo ndiye huyo tuliyekuwa tunamwombea.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nangoja kupangiwa kituo. Kungoja huko kuliweza kuchukua miezi au miaka, hakuna aliyejua. Bwana Swalehe alikuwa anauza pembejeo za kilimo na dawa za mifugo pale Musoma, duka refu jembamba, mbele kaunta ya mbao, nyuma chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Katika chumba hicho aliweka meza, kompyuta moja iliyotumika, modemu iliyochomekwa kwa uzi mrefu ili ifike dirishani ambako mtandao ulishika vizuri, na mimi. Nilikaa kati ya magunia ya mbegu za mahindi na makatoni ya dawa. Harufu ya mle ndani iliingia hadi kwenye nywele, nikirudi nilikopanga, mwenye nyumba alikuwa akiniambia, "Leo tena umerudi na kupe wako." Ukuta wa kati ulikuwa wa ubao mwembamba, kwa hiyo mazungumzo yote ya kaunta niliyasikia kana kwamba nimesimama pale. Nilijifunza mengi kupitia ubao ule: nani mahindi yake yameliwa na funza, nani ana ng'ombe anayekataa kunyonyesha ndama, nani amefuata dawa na nani amefuata maongezi.

Kazi yangu ilikuwa tovuti. Mpwa wake aliye Dar es Salaam alimtengenezea, na kwa miezi miwili haikutembelewa na mtu yeyote isipokuwa sisi wenyewe. Kilikuwepo kidude chini ya ukurasa kinachohesabu wageni, na kila asubuhi Bwana Swalehe alikuja na kikombe chake cha kahawa akakiangalia kama mtu anayeangalia kama mvua imeingia kwenye pipa. Ndipo mpwa wake akamweleza mbinu moja. Usingoje watu waje kwako, andika makala nzuri, zigawe bure kwa tovuti na blogu za watu wengine ambazo tayari zina wasomaji. Wao wanapata cha kuwapa wasomaji wao bila kutoa jasho, na sharti lako ni moja tu: mwishoni waache mistari miwili inayosema makala imetoka duka gani na tovuti yake ni ipi. Anayesoma akipenda, anabonyeza, anakuja kwako. Bwana Swalehe alinieleza jambo hilo akiwa amesimama mlangoni, macho yanang'aa. "Mwalimu, ni kama kugawa mbegu na jina lako limeandikwa kwenye kila punje."

Nikaandika. Namna ya kuhifadhi mahindi yasiingie dumuzi. Dalili za kideri kwa kuku. Jinsi ya kuanika dagaa wakati wa mvua, hiyo niliichukua kwa mama aliyetuletea chakula cha mchana, ambaye alikaa kwenye gunia akanisimulia huku mimi nikila ugali wa muhogo na sato wake. Nilikusanya anwani za blogu moja baada ya nyingine: za Watanzania walio nje, za wanafunzi wa vyuo vya kilimo, za vijana waliokuwa wakiandika habari za mikoa yao. Wengi walijibu kwa furaha. Wengine hawakujibu lakini makala tuliziona kwao. Wengine hatukuwaandikia kabisa, walichukua kwa wenzao. Kidude kikaanza kutembea. Siku ya kwanza mtu alipopiga simu kutoka Mugeta akasema amesomewa makala yetu na mwanawe aliye Arusha, Bwana Swalehe alitoka nje akawatangazia mafundi cherehani wa barazani. Mimi nilibaki kwenye kiti nikicheka peke yangu. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu kikasomwa na mtu asiyekuwa mwalimu wangu.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba nikimaliza makala naichapisha, nampelekea kaunta, anaisoma, akisema "Tuma" naituma. Yeye ndiye aliyejua dawa. Mimi nilijua kuandika tu. Nilikuwa nakaa naye na daftari ananieleza, halafu narudi chumbani kuiweka sawa. Makala ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe niliiandika hivyo, siku ambayo duka lilikuwa limejaa watu kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Nikampelekea karatasi. Baada ya saa moja hivi nikachungulia.

"Umesoma, Mzee?"

"Nimesoma. Tuma."

Nikatuma kwenye blogu zote nilizokuwa nazo kabla hata ya kula. Ilipendwa kuliko zote. Ndani ya wiki mbili niliacha kuweza kuifuatilia ilikofika.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Nilikuwa naandika kuhusu minyoo ya mbuzi, nikasikia sauti ya mama mmoja kaunta, mpole, anaomba dawa ya kuogeshea. Nilimfahamu kwa sauti: Mama Wambura, mfanyabiashara wa Nyamuswa, aliyekuwa na ng'ombe wake wachache nyumbani. Bwana Swalehe akamuuliza anahitaji nyingi au kidogo. Wakati ule wafugaji wengi walipimiwa dawa kwenye chupa ndogo zisizo na maelezo yoyote, kwa hiyo muuzaji ndiye aliyewaambia namna ya kuchanganya.

"Nipe ya kutosha," Mama Wambura akasema. "Maana nyie mmesema kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji, na mimi nina ng'ombe saba."

"Lita kumi, mama! Kifuniko kimoja kwa lita kumi. Ya lita moja utawaua. Nani amekuambia hivyo?"

"Si nyinyi? Kaka yangu alinichapia huko Dar akanitumia kwenye basi. Ona, hapa chini kuna jina la duka lako."

Karatasi ikakunjuliwa, niliisikia. Halafu Bwana Swalehe akaniita, na nilipotoka alikuwa ameshika karatasi iliyotoka kwenye blogu ambayo hatukuwahi kuiandikia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeibiwa. "Umeona watu hawa? Wanachukua kazi ya mtu, halafu wanaibadilisha. Sisi hatuwezi kuandika hivi. Eti Mwalimu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Watakuwa wamekosea kunakili."

Nilisema hivyo kabla sijaangalia, na nataka kuamini kwamba niliposema niliamini. Nikarudi chumbani nikafungua faili langu. Ilikuwa palepale, aya ya nne, kwa maneno yangu mwenyewe: kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji. Nikachukua daftari nililoandikia wakati ananieleza. Kwenye daftari ilikuwa lita 10. Sifuri tu, niliiacha njiani kutoka kwenye daftari hadi kwenye kompyuta, na tarakimu zikageuka maneno. Kule mbele Mama Wambura alikuwa anacheka na Bwana Swalehe, anamshukuru kwa kumwokolea ng'ombe. Mimi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa wanafunzi wangu wala kwa mume wangu hadi miaka mingi baadaye. Niliingia kwenye tovuti yetu nikasahihisha. Nikafuta faili la zamani. Ilichukua dakika tatu. Kuanzia hapo, mtu yeyote ambaye angelinganisha angekuta sisi tuko sawa na dunia nzima imekosea.

Siku ile sikula. Jioni nilipita njia ya ufukweni, wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye nyavu, mmoja akaniita, "Mwalimu, mbona hata salamu?" Nikajibu kwa mkono. Nilijiambia kwamba Mama Wambura ameshaelezwa, kwamba wengine wataelezwa na wauzaji wao, kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayefuata karatasi. Lakini nilikuwa nimetumia miezi yote ile kuwafanya watu wafuate karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Asubuhi, kabla Bwana Swalehe hajamaliza kahawa yake, Mama Wambura akapiga simu. Alikuwa amekumbuka kwamba nakala nyingine ya karatasi alimpa shemeji yake, Mzee Masatu wa Buswahili, walipokutana kanisani Jumapili. Mzee Masatu ana maksai wanne wa kulimia na alisema atawaogesha wiki hii hii. Amempigia tangu alfajiri, simu haipatikani. Huwa anaichajisha sentani, kule kwenye maduka, na wakati mwingine anaisahau huko siku mbili. Bwana Swalehe akamwambia aendelee kujaribu, akaweka simu chini, akaniambia kwa utulivu, "Nitampigia baadaye na mimi. Maskini. Lakini kosa si letu, hao wa blogu ndio wajibu."

"Ni letu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Mzee, ni langu. Hawakubadilisha kitu. Mimi ndiye niliyeandika lita moja. Jana nilisahihisha kwetu na nikafuta ya zamani ili usione."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kuondoka saa ileile na begi langu. Nje fundi alikuwa anaendesha cherehani, ilikwenda ikasimama, ikaenda ikasimama. Bwana Swalehe akasukuma kikombe chake pembeni, akajifuta uso kwa kiganja.

"Siku ile uliniuliza kama nimesoma," akasema. "Nikakwambia nimesoma. Sikusoma, Mwalimu. Watu walikuwa wengi, nikaiweka chini ya mizani. Ningesoma ningeiona, ile hata usingizini ningeiona." Akasimama. "Na jana, nilipokuwa nawasema wale, nilijua kwamba sikusoma. Nilijua."

Akawaomba mafundi wamwangalizie duka, akafunga mlango, tukaingia kwenye pikapu yake. Nakumbuka kwamba katika safari nzima hadi Butiama, na kutoka pale kwenye barabara ya vumbi kwenda Buswahili, hatukuongea hata sentensi kumi, na bado nilikuwa na nafuu ya ajabu, nafuu ambayo sikustahili bado, kwa sababu hatukujua tunakwenda kukuta nini. Nilikuwa nimebeba kitu tangu jana, sasa tulikuwa tumekibeba wawili. Bwana Swalehe alipiga simu kwa ofisa mifugo aliyemfahamu, akamwambia atufuate huko na pikipiki yake, na awe na sindano.

Tulipouliza kwa Mzee Masatu tulionyeshwa nyumba ya bati yenye zizi la miiba ubavuni. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama uwanjani, mwembamba, shati limelowa. Maksai watatu walikuwa wamefungwa kivulini. Wa nne alikuwa amelala ubavu, mate yanamtoka, miguu inamtetemeka. Sijui nilisema nini. Bwana Swalehe ndiye aliyeuliza, "Umewaogesha wangapi?"

"Huyu mmoja tu, na nusu tu," Mzee Masatu akasema. "Wengine mama huyu amenikatalia."

Mama huyu alikuwa mkewe, Nyabise, mwanamke mfupi aliyekuwa anatoka nyuma ya nyumba na ndoo mbili za maji. Aliziweka chini akatueleza bila kupumzika. "Nimekuwa naoshaga ng'ombe hawa miaka yote, naijua hiyo dawa inavyonuka. Leo nimepita tu hapo, machozi yakanitoka. Nikamuuliza, umeweka nini humo? Akanionyesha karatasi. Mimi kusoma sijui, lakini pua ninayo. Nimeyamwaga yote kule shimoni, akanigombeza, ndiyo tumeanza kumwosha huyu kwa maji."

"Endeleeni kumwosha," Bwana Swalehe akasema, akavua kanzu yake akabaki na fulana. "Sabuni iko wapi?"

Tukamwosha yule maksai sisi wanne. Nyabise na mimi tulichota, wanaume walisugua. Ofisa mifugo alifika wakati maji ya pipa yanakaribia kwisha, akamchoma sindano, akamshika masikio, akamchoma nyingine baada ya muda, akatuambia tungoje. Tukangoja. Ni katika kungoja huko Bwana Swalehe alipomweleza Mzee Masatu ukweli, kwamba karatasi ni ya duka lake, kwamba kosa ni letu wawili, na kwamba maksai akifa atamletea mwingine. Mzee Masatu alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo nyie mnaandikaga tu?"

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, nimekaa kwenye semina nyingi, na sijawahi kuulizwa swali lililoniingia kama lile. Nikasema, "Nisamehe, Baba." Alimgeukia ng'ombe wake.

Ilikuwa imepita saa tisa Nyabise aliponigusa bega. Maksai alikuwa ameinua kichwa. Mate yalikuwa yamekoma. Akajaribu kuinuka akashindwa, akajaribu tena, miguu ya nyuma ikashika, ya mbele ikafuata, akasimama akiyumba, maji yanamdondoka. Nyabise akamnyooshea majani mabichi. Akayanusa kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yote, kisha akayavuta mkononi mwake akaanza kutafuna. Mzee Masatu akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, na Bwana Swalehe akakaa chini palepale kwenye tope na fulana yake. Mimi nililia. Nyabise akaniambia, "Basi, njoo unisaidie kupika, kulia utaliaga kwenu." Tukala ugali wa mtama na samaki mumi wa kuchemsha, mikono yetu bado inanuka sabuni, na nilikula kama mtu aliyetoka kuugua. Wakati wa kuondoka Mzee Masatu alinipa mkono. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mkiandika nyingine, mniletee kwanza, mama huyu ainuse."

Tuliporudi Musoma tukaandika makala mpya. Kichwa chake kilikuwa "Tulikosea". Bwana Swalehe aliisoma kwa sauti, amesimama kaunta, kidole kwenye kila neno, wateja wanangoja na kumsikiliza, na alipofika kwenye lita kumi akairudia mara tatu. Nikaituma kwa kila blogu iliyokuwa na ile ya kwanza, niliyoijua na niliyoitafuta, na kwa kila moja niliandika barua ya kuomba iondolewe. Kazi hiyo ilinichukua miezi yote iliyobaki. Wengi walikuwa waungwana. Kijana mmoja aliye masomoni nje ya nchi aliweka maelezo yetu kwa wino mwekundu juu kabisa ya ukurasa wake, na ya zamani akaifuta. Mama Wambura alibandika "Tulikosea" kwenye mlango wa duka lake Nyamuswa na kuwasomea watu siku ya mnada. Na jambo ambalo hatukulitegemea, makala hiyo ndiyo iliyoleta wageni wengi kuliko zote tulizowahi kugawa. Watu walipiga simu kuuliza vipimo vyao vya dawa nyingine, wakisema kwamba duka linalokiri limekosea huenda likasema kweli. Hakuna habari nyingine ya mnyama aliyedhurika iliyotufikia, ingawa tuliiulizia kila mahali.

Ilibaki blogu moja. Mwenyewe alikuwa ameiacha, hakujibu barua, hakuwa na simu. Kila nilipoifungua ilikuwa pale, na jina la duka chini yake, lita moja, kama siku niliyoiandika. Mwishoni mwa mwaka ule nilipangiwa kituo, nikaondoka Musoma, nikaanza kufundisha, nikaolewa, nikapata watoto. Ile anwani niliikariri. Nilikuwa naifungua mara moja moja nikiwa peke yangu ofisini, naangalia, nafunga. Mume wangu alipogundua nilimsimulia yote, na hapo ndipo nilipomweleza kwa mara ya kwanza kuhusu zile dakika tatu.

Miaka michache iliyopita, siku ya Jumamosi, nimekaa na simu yangu huku nafua, nikaifungua kwa mazoea. Yalitokea maneno mawili tu kwenye ukurasa mweupe. Nikaifungua tena. Nikafuta povu mikononi nikampigia Bwana Swalehe, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha biashara na kukaa Bunda kwa sababu ya miguu.

"Mzee, ile blogu."

"Inasemaje?"

"Inasema: ukurasa haupo."

"Soma tena."

"Ukurasa haupo."

Nikamsikia akivuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ndogo, "Mimi niliiona tangu jana. Nilikuwaga naiangalia kila Ijumaa nikitoka msikitini. Nikasema nisikupigie, labda wewe ulishasahau, nisije nikakukumbusha."

Tulicheka hadi akaanza kukohoa, na binti yake akaja kumnyang'anya simu.